Ilikuwa Nyama ya Njiwa

Inshirah Abdel-Mawla hajapata kula hata bawa la njiwa lisilokuwa halali yake. Natanguliza hilo kwa sababu mpaka leo, ukipita kwenye ukumbi wa chuo cha mifugo pale kwetu Kafr Shihata, utamkuta mtu anayelitaja jambo lile nusunusu, eti "yule mama wa kuku na njiwa," kisha anacheka. Mimi sijaona cha kuchekesha. Nilikuwa mpika chai wa idara ile, na mambo yote yalipita mbele ya sinia langu.

Kwao Inshirah ni ng'ambo ya mfereji, kwenye nyumba yenye mnara wa njiwa wa udongo aliouacha baba yake. Ni mwanamke mrefu, mkavu, miwani ameifunga kwa uzi nyuma ya shingo ili isimdondokee kazini. Kazi yake ilikuwa fundi wa maabara. Madaktari wakitaka kujua kilichomo ndani ya nyama, yeye ndiye aliyeigandisha kwenye nta, akaikata kwa mashine vipande vyembamba kuliko ganda la ndani la kitunguu, akavilaza juu ya kioo na kuvitia rangi. Kila alipoiwasha mashine alisema Bismillah. Ami Dusuqi, mlinzi wetu wa lango, alikuwa akimtania, "Binti yangu, hata swichi unaichinja?"

"Naichinja, Ami," husema. "Nani ajuaye, isije ikawa na roho."

Basi Daktari Wagih, mkuu wa idara, akaja na utafiti wake wa njiwa. Alitaka kujua nyama ya kifua cha njiwa ina mishipa midogo ya damu mingi kiasi gani, ile myembamba kuliko unywele, ukiilinganisha na ya kuku wa kisasa. Njiwa anaruka kutwa, kuku wa bandani anakaa tu na kula. Anayefanya kazi anahitaji damu zaidi. Hilo hata sisi tusiosoma tunalielewa, lakini wao wanataka lihesabiwe, na si vibaya.

Vitabu vyao vinasema ndege adungwe sindano alale asiamke. Ndege wa namna hiyo ni nyamafu, haliwi, anatupwa kwenye tanuri la chuo. Kreti la kwanza la njiwa lilipofika, Inshirah alisimama nalo mlangoni kwa Daktari Wagih, na mimi nilikuwa ndani naweka chai.

"Daktari, hawa wote nitawachoma moto?"

Daktari akawatazama. Walikuwa wamenona, njiwa wa shambani kabisa. "Kutupa neema ya Mungu ni haramu, Inshirah," akasema. "Wachinje. Chukua kipande chetu, kinachobaki wagawie watu. Na mimi unikumbuke, mama yangu anaumwa, anapenda mchuzi wa njiwa."

Hayo ni maneno yake. Niliyasikia nikiwa nakoroga sukari.

Inshirah akawa anachinja kwenye ua wa nyuma, penye mchanga. Anamwelekeza ndege kibla, anamtaja Mola, kisu kinapita mara moja, halafu anamning'iniza kichwa chini mpaka damu iishe kabisa, tone la mwisho, kama alivyofundishwa na baba yake. Kisha anakata kifuani kipande kama punje ya haragwe, anakitia chupani. Ndege aliyebaki tunamnyonyoa. Ami Dusuqi alipata, wafagiaji walipata. Shadya, mke wa mwanangu, alikuwa amejifungua wiki ile, na kwetu mzazi hapewi kingine ila njiwa aliyeshindiliwa friki, ile ngano changa ya kuchomwa; alipata. Na mifuko ya Daktari Wagih niliibeba mimi mwenyewe, nikaipanga kwenye buti la gari lake, nikaifunika na gazeti isichafue zulia.

Miezi ikapita. Vioo vikatengenezwa, mishipa ikahesabiwa, kazi ikapelekwa kwenye jarida moja la Ulaya. Jibu lililorudi lilikuwa la dharau. Wakubwa wa huko waliandika kwamba kifua cha njiwa hakiwezi kuwa na mishipa michache namna ile. Hesabu zenu, wakasema, ni za kuku.

Daktari Wagih hakukaa hata dakika kuuliza kwa nini. Alitoka ofisini kwake, akamkuta Inshirah ukumbini na trei la vioo, wanafunzi wamejaa, Ami Dusuqi yupo, wafagiaji wapo, na mimi nyuma yao na sinia langu.

"Njiwa wangu wako wapi, Inshirah?"

"Njiwa gani, Daktari?"

"Niliokupa uchinje. Nyama iliyomo kwenye vioo ni ya kuku. Umenitilia vipande vya kuku wa sokoni, njiwa ukaenda nao kwako."

Inshirah aliliweka trei dirishani polepole.

"Daktari, nilimchinja kila njiwa aliyekuja. Kipande kilitoka kifuani mwake. Na waliobaki ulisema mwenyewe wagawiwe."

"Nilisema? Mbele ya nani?"

"Mbele yangu," nikasema. "Na ile mifuko niliyokupangia kwenye buti, Daktari, nayo ilikuwa ya kuku?"

Mwanafunzi mmoja alikohoa akificha kicheko. Daktari Wagih akanigeukia, masikio mekundu. "Wewe Mama Hilal, chai yako inapoa."

"Chai ikipoa naipasha, Daktari. Hilo ulilolisema utalirudisha vipi?"

Alimwambia Inshirah atoe funguo za maabara. Kuanzia siku ile angekaa kwenye ghala la malisho, mpaka baraza la chuo likae na kumtoa kazini. Inshirah akavua koti lake jeupe, akalikunja vizuri, mkono juu ya mkono, akaliacha juu ya trei. Akashuka ngazi. Hakuna aliyemfuata isipokuwa mimi, na Mungu anisamehe, nilishuka nikimwombea yule bwana mambo ambayo mwanamke anayeswali hapaswi kuyaomba.

Neno la wizi halikai mahali lilipotupwa. Kesho yake Ami Dusuqi alikuja ghalani na kapu, ndani yake jozi ya njiwa hai, miguu imefungwa kitambaa. Hakutaka kumtazama Inshirah usoni.

"Mke wangu kawatuma," akasema. "Anasema tulikula vya watu bila kujua. Anataka watoto wasiwe na haramu tumboni. Uwarudishe panapostahili."

"Ami, mliokula mliwapata kwa idhini."

"Mimi najua, binti yangu. Yeye ndiye kasikia."

Inshirah alikuwa hajalia mpaka saa ile. Alilia mbele ya kapu lile, magunia ya mahindi yakimzunguka, na njiwa wenyewe wakimkodolea macho. Nami niliporudi nyumbani nilimkuta Shadya amempakata mtoto, hajamnyonyesha.

"Mama," akaniambia, "maziwa haya si yametokana na wale njiwa? Watu wanasema ni wa wizi."

"Mnyonyeshe mtoto, mwanangu," nikamwambia. "Mwenye njiwa kala naye, na yeye hakutapika."

Lakini nilikaa jikoni nikachambua adesi za supu kwa machozi ya hasira. Kinachoniudhi mimi ni hiki. Mtu amesoma mpaka nywele zimemtoka, na anapoona jambo asilolielewa, cha kwanza anachokifikia ni jina la mwanamke asiye na wa kumsemea. Hata hakuufungua mlango wa pili.

Aliyeufungua ni Daktari Nirmin. Huyu alikuwa mwalimu kijana, amerudi karibuni kutoka kusoma Japani, mnyenyekevu, chai yake haina sukari. Nilipompelekea siku iliyofuata akaniuliza, "Mama Hilal, wale njiwa walikufa vipi hasa?"

"Hawakufa, Daktari. Walichinjwa."

"Kawaida? Kama nyumbani?"

"Kama nyumbani. Kwa jina la Mungu, kichwa chini, damu itoke yote. Nyama yenye damu nani ataila?"

Akaiweka glasi. Akaguna kama mtu aliyeona funguo zake ziko mkononi mwake. "Sasa hapo kwenye vioo tulikuwa tunahesabu nini?"

Mimi nitajuaje? Nikavuta kiti, naye akanieleza, na alinieleza kama anavyoelezwa mtu mwenye akili. Rangi waliyokuwa wakitumia kawaida haiuonyeshi vizuri mshipa mdogo wenyewe. Wao huutambua kwa chembe za damu zilizojipanga ndani yake. Ndege wa sindano anabaki na damu yake mwilini, na mishipa inaonekana. Ndege wa Inshirah aliiacha damu yote mchangani. Mshipa mtupu hujilaza, kama mkono wa shati usio na mkono wa mtu, na macho yanaupita. Mishipa ilikuwapo yote. Kilichokuwa hakipo ni damu.

"Kwa hiyo Inshirah amechinja vizuri mno," nikasema.

"Amechinja vizuri mno. Na Daktari Wagih alijua wanachinjwa, akahesabu kama wa sindano."

"Sasa utalionyeshaje hilo? Yule bwana maneno hayamwingii."

Akainuka akafungua friji ya barafu, akatoa kichupa kidogo kama cha dawa ya macho. "Kuna kitu kinaitwa lektini," akasema. "Ni protini, inatoka kwenye mbegu. Ukuta wa mshipa wa damu una sukari zake, utando mwembamba kama umande. Lektini inaupenda utando huo, inaung'ang'ania kama mbigili kwenye pindo la gauni. Haijali damu ipo au haipo, inashika ukuta. Na hii imefungwa pamoja na rangi inayong'aa kijani ukiimulika kwa taa maalumu. Kwa ndege, inayoshika vizuri ni hii ya adesi."

"Adesi? Hizi za supu?"

"Hizo hizo, Mama Hilal. Wameisafisha tu."

Subhanallah. Nilikuwa nimezichambua jana yake kwa machozi.

Daktari Wagih alilikubali jaribio hilo kwa shingo upande, lakini kwa kujiamini. Mbele yetu alisema, "Fanya, binti, fanya. Utawaona kuku wako." Ila alitoa sharti, Inshirah asiguse chochote. Kwa hiyo aliitwa kutoka ghalani, akakalishwa kwenye stuli karibu na ukuta, vumbi la pumba kwenye mtandio, akatazama mikono ya mtu mwingine ikifanya kazi yake. Vipande vya nta alivyovigandisha yeye vilikuwa bado kabatini. Daktari Nirmin akakata, vya njiwa na vya kuku, akavilaza kwenye vioo, akavidondoshea lektini, akaviacha vinywe, akavisuuza. Mara moja alikosea kukinyoosha kipande, kikajikunja. Niliona vidole vya Inshirah vikicheza mapajani mwake. Ameamrishwa asiguse, na hakugusa.

Wakavuta mapazia mchana ule, chumba kikawa giza, hadubini ikawashwa.

Kioo cha kwanza kilikuwa cha kuku. Daktari Wagih akaangalia, akaridhika. Cha pili cha njiwa. Aliinama juu yake, akakaa. Akazungusha kitufe. Akakaa tena. Alipoinuka akasogea pembeni.

Daktari Nirmin akaniita na mimi nichungulie, Mungu ampe heri, maana nani humwita mpika chai? Kwa kuku niliona nyuzi nene za nyama na vidoa vya kijani hapa kimoja, kule kimoja, vimetupana. Kwa njiwa nyuzi zilikuwa nyembamba, zimebanana, na kila uzi umezungukwa na vidoa vya kijani kama mtu amemwaga shanga, zikajaza kila ufa. Mtoto wa shule angeweza kukuambia hawa si ndege mmoja.

Inshirah akainuka mwisho. Akafunga jicho moja, akatazama kwa muda mrefu, uzi wa miwani ukimning'inia. "Alhamdulillah," akasema. Halafu, "Daktari Wagih ameona?"

"Nimeona," akasema Daktari. "Nzuri. Kazi yetu imeokoka."

Kazi imeokoka. Nakwambia ndivyo alivyosema, na akatoka. Kana kwamba kazi ndiyo iliyokuwa imetiwa ghalani na kuitwa mwizi!

Jioni ile ile akatuma trei la keki ya basbusa kwake Inshirah, na salamu kwamba kesho aje achukue funguo zake. Inshirah aliipokea akairudisha asubuhi, haijamegwa, akaiweka juu ya meza ya Daktari mwenyewe.

"Nimekuja kazini, Daktari," akasema. "Hii sikuja nayo kwa kiburi. Nataka uwaambie watu."

"Watu gani? Baraza sikulipelekea chochote. Mambo yamekwisha, tusiyafukue."

"Hukuniita mwizi ofisini, Daktari. Uliniita ukumbini."

"Nilikasirika. Mtu akikasirika husema."

"Na akitulia?"

Daktari akachukua simu, akajifanya anapiga. Inshirah akatoka na funguo zake. Akafanya kazi siku zile kama kawaida, ila hakumpa salamu zaidi ya ile ya lazima, na kule nje maneno yaliendelea yale yale, kwa sababu hakuna aliyeyakanusha. Mke wa Ami Dusuqi alivuka barabara alipomwona. Wanafunzi wakikosa kitu mezani walisema, muulizeni mama wa njiwa. Watu wakubwa wakaanza kunong'ona kwamba Inshirah ni mkaidi, ameshasafishwa anataka nini tena. Wamemsafisha wapi? Gizani, nyuma ya pazia, mbele ya watu wanne.

Kisha jarida, lililopelekewa picha mpya, likajibu. Picha za kijani zimewapendeza, wakasema, lakini waongezewe ndege. Kreti jipya la njiwa likafika, likatuliwa uani. Daktari Nirmin akasema wachinjwe kama mwanzo, damu itoke yote, kwa lektini ni bora zaidi mshipa ukiwa mtupu. Ilikuwa saa za mapumziko, ua umejaa.

Inshirah akanoa visu viwili. Akajaribu makali kwenye ukucha. Halafu akavilaza juu ya ukuta, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akakunja mikono.

Ami Dusuqi akaambiwa achinje yeye. "Mimi mgongo," akasema. Wafagiaji wakaambiwa. Mmoja ana udhuru, mwingine kisu kinamtia kizunguzungu. Mimi sikuambiwa, lakini nilikuwa nimejiandalia jibu. Mwishowe Daktari Wagih akateremka mwenyewe na suti yake.

"Kuna nini hapa?"

"Njiwa wanakusubiri, Daktari," akasema Ami Dusuqi.

"Nitachinja mwenyewe. Mnadhani siwezi?"

Akatia mkono kretini, akatoa njiwa, na njiwa akamnyea kwenye mkono wa koti. Watu wakatazama viatu vyao. Akamshika vibaya, bawa moja likachomoka likawa linampiga kifuani. Akachukua kisu, akaangalia kibla iko wapi, akageuka huku, akageuka kule. Inshirah, ambaye hapendi ndege ateswe, akasimama.

"Usimjeruhi huyo," akasema. "Nipe."

"Chukua." Akamnyooshea upesi.

Inshirah hakunyoosha mkono. "Sema kwanza, Daktari."

"Niseme nini?"

"Ile nyama ilikuwa ya nani?"

Bawa lilikuwa bado linapiga. Daktari akawatazama wanafunzi, akanitazama mimi, akamtazama Daktari Nirmin, naye akawa anahesabu chupa.

"Ya njiwa," akasema, chini.

"Na aliyeiba?"

"Hakuna aliyeiba."

"Daktari," akasema Ami Dusuqi kwa adabu kabisa, "mimi jioni lazima nimpelekee mke wangu hilo neno, na yeye hapokei nusu. Lipandishe kidogo."

Daktari Wagih akainua uso. "Inshirah hakuiba," akasema, na safari hii hata waliokuwa madirishani walisikia. "Nyama ilikuwa ya njiwa. Niliamuru mwenyewe wagawiwe. Nilimsingizia."

Inshirah akampokea njiwa, akamkunja mbawa, akamtuliza kwa kidole shingoni. Akamwelekeza. Bismillah, Allahu Akbar. Damu ikashuka mchangani, naye akamshikilia mpaka tone la mwisho.

Mchana ule tulinyonyoa na kugawa. Ami Dusuqi alibeba jozi yake mikononi wazi, bila mfuko, apite nayo sokoni. Nikamtolea Shadya mmoja. Waliobaki mikononi mwangu nilikuwa nawapa wafagiaji, Inshirah akanizuia.

"Mpe na Daktari njiwa wake, Mama Hilal. Mama yake mgonjwa, yeye hana kosa."

Huyo ndiye Inshirah. Mimi moyo wangu haujafika huko, namwomba Mungu aufikishe. Niliwafunga wawili, walionona, nikawapeleka mpaka kwenye ngazi nikawaweka hapo. Kuwabeba hadi garini, safari hii aliwabeba Daktari mwenyewe.